Milimita Nne za Teodora

Teodora Kupaza aliingia chumba cha vipimo kwanza kwa sababu Eufrasia alikuwa bado mlangoni anahangaika na viatu. Ndivyo ilivyotokea mmoja akatangulia na mwingine akafuata, wala hakuna aliyepanga. Selina, mpimaji wa Kituo cha Viungo cha Kwemtindi kwa mwaka wa sita sasa, alikuja kulirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kupita kiasi, kana kwamba vile viatu vingeweza kumpunguzia lawama.

"Simama kwenye hizo nyayo zilizochorwa, dada," alimwambia Teodora. "Halafu tembea mpaka ukutani, geuka, rudi. Usiharakishe."

"Hata nikitaka kuharakisha, mdogo wangu, kwa magoti gani?"

Teodora alikuwa na miaka sitini na mitatu. Yeye na Eufrasia, dada yake Selina, walikuwa wafinyanzi tangu usichana wao. Mitungi yao ilijulikana milima yote ya Usambara, na watu wa mabondeni, ambako joto lilikuwa limeongezeka mwaka hadi mwaka, waliitaka kuliko majokofu, kwa kuwa maji ndani yake yalikaa baridi bila umeme. Lakini mtungi mkubwa haufinyangwi mtu akiwa kitini. Mfinyanzi hupiga magoti chini, akauzunguka udongo kwa magoti hayo hayo, mkono mmoja ndani, mmoja nje, saa tatu, saa nne. Miaka arobaini ya kazi hiyo iliwasaga wote wawili goti la kulia, na walipoandikishwa kupata magoti mapya waliomba wapewe siku moja.

Teodora akapita chini ya tao la kupigia picha lililosimama katikati ya chumba, akarudi, akapita tena. Lile tao jeupe lilivuma taratibu, likipiga maelfu ya picha kila goti lilipokunjwa na kunyooshwa. Alipofika mara ya nne, goti lake, kwa picha ya mwanga, lilikuwa tayari linaelea juu ya meza ya Selina, kubwa kama boga, likijizungusha polepole: fupa la paja juu, muundi chini, na katikati, pale palipopaswa kuwa na gegedu, mfupa ukisuguana na mfupa.

"Ndilo hilo?" Teodora aliuliza.

"Ndilo."

"Limechakaa kweli."

"Tutalibadilisha."

Magoti ya Kwemtindi hayakuwa ya chuma kama waliyowekewa bibi zao. Yalioteshwa. Walichukua punje za mfupa wa mgonjwa mwenyewe, wakazitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ghorofa ya chini, na baada ya miezi minne goti lilikuwa limekomaa. Mkono wa mashine ulikata lile lililoharibika na kulipachika jipya, na kabla ya mwezi kwisha mifupa ilikuwa imeshikana, hujui wapi pameunganishwa. Kila kitu kilitegemea kipimo. Aliyetoa kipimo alikuwa Msanifu, akili iliyokaa ndani ya tao.

Msanifu alikuwa na kazi ngumu, na Selina hakuwahi kumdharau kwa hilo. Goti lililoharibika halikuambii lilikuwaje lilipokuwa zima. Limelika huku, limeota vijiba vya mfupa kule. Kwa hiyo Msanifu alikwenda kwenye Maktaba, mahali palipohifadhiwa picha za magoti mazima milioni tatu, akatafuta yanayofanana na la mgonjwa, akakisia lilivyokuwa. Kisha akalisafisha. Chochote kilichozidi makisio yake alikihesabu kuwa ugonjwa, akakikwangua.

Goti la Teodora lilisafishwa mbele ya macho ya Selina. Vijiba vikaondoka, na hapo hapakuwa na neno. Kisha upande wa ndani wa fupa la paja ukapungua nao. Upana wake, milimita sabini na tano, ukawa sabini na moja. Milimita nne.

Selina aliivuta karibu picha ghafi, ile ya kabla ya kusafishwa. Alikuwa amesoma picha za eksirei kwa miaka ishirini kabla tao halijaletwa, na alijua kijiba kinavyoonekana: mfupa wa ovyo, hauna mpangilio, kama ukoko. Kilichokwanguliwa hapa hakikuwa hivyo. Ndani yake nyuzi za mfupa zilijipanga safi, zikifuata njia ya uzito, zikipinda pale pale zilipopaswa kupinda. Huo ulikuwa mfupa mzima. Ulikuwa umeongezeka tangu utotoni, kwa mtoto aliyepanda na kushuka matuta ya mlimani na kuchuchumaa kutwa. Maktaba ilikuwa imejaa magoti ya watu wa nchi tambarare waliokalia viti. Msanifu hakuwahi kuona goti kama hili likiwa zima, basi akaliona lote kuwa gonjwa.

Selina aliligundua hilo miaka miwili nyuma, akaandika barua makao makuu ya mradi. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, la adabu. Walimshukuru kwa umakini wake. Tofauti aliyoiona, walisema, ilikuwa ndani ya kiwango kinachokubalika, na aliombwa asibadilishe vipimo isipokuwa mgonjwa ametikisika wakati wa kupigwa picha. Aliisoma mara mbili, akaiweka kwenye droo. Tangu siku hiyo kila alipoona milimita zinakwanguliwa alijiambia kwamba yeye alishasema.

Akabonyeza *Thibitisha*.

"Tayari?" Teodora aliuliza, mkono ukutani.

"Tayari, dada. Mwite mwenzako."

Eufrasia akaingia, akapita, akarudi. Alikuwa amemzidi Selina miaka kumi na sita, na mama yao alipofariki ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipoweza kutembea mwenyewe. Goti lake likaelea juu ya meza. Msanifu akalisafisha. Sabini na nne, sabini.

Kidole cha Selina kilikuwa juu ya *Thibitisha* na hakikushuka. Aliyatazama yale magoti mawili kwenye orodha, moja limefungwa, jingine liko wazi. Angeweza kulifungua lile la kwanza, kwa kuwa kipimo kilichothibitishwa kiliweza kufunguliwa tena ndani ya dakika kumi, na hizo zilikuwa bado hazijapita. Lakini kufungua mawili kwa siku moja kungeonekana, na angeulizwa, na angetakiwa kueleza ni kwa nini mawili haya na siyo yale mia mbili yaliyotangulia. Akachukua kalamu ya mwanga, akaurudisha ukingo wa mfupa pale ulipokuwa. Mashine ikauliza sababu. Akaandika: mgonjwa alitikisika.

"Ulitikisika kidogo, dada," alisema, ili maneno yale yawe yamesemwa.

"Mimi? Nimesimama kama nguzo."

"Kidogo tu. Nimesharekebisha."

* * *

Miezi minane baadaye, Jumamosi mchana, Selina alipanda kumwona dada yake. Alimkuta uani, amepiga magoti kwenye gunia lililokunjwa, anauzunguka mtungi ambao mdomo wake ulikuwa haujafungwa. Alizunguka kwa wepesi, bila kuguna, na Selina alisimama kwa muda akimtazama kwa furaha asiyoweza kuificha.

Teodora alikuwepo pia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu karibu na ukuta, akikanda udongo juu ya meza, na pembeni yake palikuwa na vibakuli na vikombe vidogo vidogo vimepangwa kukauka.

"Shikamoo, dada Teodora."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Unaona kazi zangu siku hizi? Nimekuwa fundi wa vikombe."

"Goti linauma?"

"Haliumi hata kidogo. Natembea mpaka gulioni na kurudi, namshukuru Mungu, na nyie nawashukuru. Ila kukunja." Alijaribu kumwonyesha. Mguu ulikunjika mpaka ukafika kama pembe ya meza, ukagoma hapo. "Ukifika hapa ni kama kuna mtu ameshika mlango kwa ndani. Nadhani kosa ni langu. Yule mtaalamu wa mazoezi aliniambia mara tatu kwa siku, na kuna siku nilichoka nikafanya mara mbili. Usije ukafikiri nawalaumu. Mlifanya kazi nzuri, mimi ndiye nimeiharibu."

Selina alifungua kinywa. Alichosema ni kwamba mazoezi ni magumu kwa watu wengi.

Teodora alipoondoka, Eufrasia aliosha mikono kwenye ndoo bila haraka.

"Nilifanya mazoezi pamoja naye," alisema. "Mkeka mmoja. Siku alizofanya mara mbili na mimi nilifanya mara mbili." Akakung'uta maji. "Wewe ndiye uliyetupima."

"Ndiyo."

"Siku ile uliniambia nimetikisika. Sikutikisika, Selina."

Kulikuwa na uongo mwingi ambao ungetosha. Selina aliuona wote ukiwa umejipanga, kila mmoja na istilahi zake za kitaalamu. Lakini dada yake alikuwa anamtazama usoni, basi akamweleza: Maktaba, magoti ya tambarare, milimita nne, barua, droo. Alimweleza kwamba la Teodora aliliacha likatwe, na la Eufrasia akalirekebisha.

Eufrasia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, taratibu, juu ya lile gunia.

"Kwa hiyo nimekuwa nikipiga magoti mbele yake kila siku," alisema. "Ananisifia. Ananiambia, mwenzangu umejaliwa."

"Nilifikiri juu yako tu. Nisamehe."

"Mimi unaniomba msamaha wa nini? Mimi umenipa goti." Sauti yake haikupanda. "Utamwambia mwenyewe. Sitakusaidia, na sitakwenda nawe. Na mpaka utakapomwambia, usipande huku."

* * *

Selina hakwenda kwa Teodora siku ile wala kesho yake. Alijiambia kwamba asingeweza kwenda mikono mitupu, kwamba kwanza atafute kama goti linaweza kurekebishwa, na hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Jumatatu asubuhi alikuwa ofisini kwa Daktari Mushumbusi, mkuu wa kituo.

Mushumbusi alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliyaweka magoti mawili sambamba juu ya meza yake, la Teodora na la Eufrasia, akayakunja. La Eufrasia lilikunjika mpaka kisigino kikakaribia paja. La Teodora lilikwama kwenye pembe mraba, kwa kuwa ukingo mwembamba ulikuwa hauwezi kubingirika zaidi bila kugonga muundi. Alirudia mara tatu.

"Dodoso letu linatuambia wagonjwa tisini na saba katika mia wameridhika," alisema.

"Dodoso linauliza nini, daktari?"

Akalifungua. Lilikuwa na maswali matatu. Unaumwa? Unatembea bila fimbo? Unalala vizuri? Aliyasoma kimya, akayasoma tena.

"Hakuna anayeulizwa kama anaweza kuchuchumaa," alisema mwishowe. "Au kuswali. Au kupalilia." Akafuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Ni watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi na mmoja. Nimewahesabu jana."

"Wote ulithibitisha wewe?"

"Wote," Selina alijibu.

"Na la Teodora, linaweza kukatwa upya?" akauliza, ingawa jibu alilijua kwa namna daktari alivyokuwa ameinamisha kichwa.

"Tukiotesha pana zaidi, tutalikalisha juu ya nini? Tulilikwangua fupa lenyewe ili liendane na kipimo. Hicho kilichoondoka kilishachomwa moto pamoja na takataka za upasuaji. Na mfupa umeshashikana. Nikiutenganisha, huenda akapoteza hata kutembea." Alizima picha. "Ningeweza kukudanganya, Selina, lakini hapana. Hawa walioko bado kwenye mabeseni tunaweza kuwaokoa. Wale mia mbili na kumi na mmoja, ndivyo walivyo."

Chini yao, ghorofa ya mabeseni, pampu zilikuwa zikizungusha maji.

"Nitasimamisha upimaji leo hii," Mushumbusi aliendelea, "na nitaandika makao makuu. Watataka ushahidi. Ushahidi pekee tulio nao ni goti la dada yako: mkoa mmoja, kazi moja, siku moja, kipimo tofauti. Ukinipa kumbukumbu kama ilivyo, kosa la kwanza watakaloliona ni lako. Uliandika sababu ya uongo. Leseni itakwenda." Akasita. "Lakini tunaweza kuliita jaribio. Niandike kwamba niliidhinisha tulinganishe vipimo viwili. Utabaki kazini, na hoja yetu itakuwa na nguvu zaidi. Watu watafaidika."

Ilikuwa njia nzuri, na Selina aliipima kwa uaminifu. Wenye magoti ya beseni wangepona nayo, na yeye angebaki na koti lake jeupe. Angeweza hata kuendelea kupima, safari hii kwa haki. Alikaribia kusema ndiyo.

"Mtu wa jaribio huulizwa kama anakubali," alisema. "Dada Teodora hakuulizwa. Tukiandika hivyo, atakuwa ametumiwa mara mbili."

"Hatajua."

"Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mimi, daktari."

Akamkabidhi kumbukumbu kama ilivyo, na neno lile *alitikisika* likiwa ndani yake.

* * *

Teodora alimkaribisha sebuleni na kumwekea chai. Selina hakuigusa. Alieleza kwa maneno ya kawaida, bila istilahi, kwa sababu alikuwa ameshagundua kwamba istilahi zilimficha. Alisema mashine ilikosea, na kwamba yeye aliona ikikosea. Alisema kosa hilo hilo kwa Eufrasia alilisahihisha. Alisema goti halitabadilika tena.

Teodora alikuwa na kikombe mkononi, kimoja cha vile alivyofinyanga mwenyewe. Alikiweka chini.

"Milimita nne ni ngapi?"

Selina alimwonyesha kati ya kidole gumba na cha shahada. Teodora akautazama ule mwanya mdogo kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyeingia kwanza."

"Ndiyo, dada."

"Uliponiambia tayari, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na Eufrasia alipomaliza, ungeweza kulirudia langu?"

Hilo ndilo swali ambalo Selina alikuwa ameomba lisiulizwe. "Ningeweza," alisema. "Dakika kumi zilikuwa hazijapita. Niliogopa kuulizwa."

Teodora akainuka. Alitembea mpaka dirishani, hatua zilizonyooka, zisizo na maumivu, na akasimama akitazama nje ambako hapakuwa na kitu cha kutazama ila ukuta wa jirani. Alipozungumza alikuwa bado amempa mgongo.

"Unajua nilichokuwa nikifanya miezi hii yote? Kila asubuhi, kabla watu hawajaamka, nimekuwa nikijilazimisha kulikunja. Nakaa sakafuni navuta kwa kanga mpaka machozi yananitoka. Nilikuwa naona haya. Nilifikiri nimepewa kitu kizuri nikakichezea." Akavuta pumzi. "Hicho ndicho kinachoniuma, Selina. Kushindwa kufinyanga nimeshazoea. Lakini umeniacha nijilaumu, na ulikuja pale uani ukanisikia nikijilaumu, ukaniambia mazoezi ni magumu."

"Ndiyo."

"Mtungi wa mwisho nilioumaliza sikujua kwamba ni wa mwisho. Ningeukagua vizuri zaidi."

Selina alilia, na akajichukia kwa kulia, kwa sababu mwenye haki ya kulia pale hakuwa yeye. Teodora hakumnyamazisha wala hakumfukuza. Alingoja mpaka akatulia.

"Wengine wanajua?"

"Kituo kitawapelekea barua."

"Barua." Teodora aligeuka. "Kwemtindi hii tu nawajua kumi na wanne. Kila mmoja ana sababu aliyojitungia. Yule anasema ni uzee, yule anasema alirogwa. Kwao haitakwenda barua, utakwenda wewe. Nyumba kwa nyumba, useme kama ulivyosema hapa, na hilo la dakika kumi ulitamke."

"Nitakwenda. Dada, je, wewe..."

"Mimi usiniulize kitu leo," Teodora alisema. "Chai yako imepoa. Nenda."

* * *

Leseni ilichukuliwa kabla mwezi haujaisha. Mwaka uliofuata tao liliwashwa tena, na kwenye Maktaba yakawa yameongezwa magoti elfu tisa ya watu wa milimani, wazima, waliojitolea kupigwa picha. Aliyekuwa akipima alikuwa mwingine. Eufrasia alimruhusu mdogo wake kupanda tena uani, lakini mtungi mkubwa hakufinyanga tena mbele ya Teodora. Aliifanya kazi hiyo siku ambazo mwenzake hayupo, na hakuna kati yao aliyelitaja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile alipotoka kwa Teodora, Selina alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba iliyo karibu kuliko zote, ya Mzee Anselmi Shemboko, mkulima wa kabichi aliyewekewa goti la kushoto mwaka uliopita. Alijua kwamba akienda kwanza nyumbani hatatoka tena.

Mzee alikuwa barazani anachambua mbegu. Alipomwona uso wake ukafunguka wote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Ni wewe kweli? Ngoja, usikae kwanza, nikuonyeshe." Akasimama bila kushika kitu, akatembea mpaka kwenye lango na kurudi, mikono nyuma kama askari. "Umeona? Mke wangu kila siku namwambia, yule binti wa vipimo ana mikono ya baraka. Shambani ndiyo siwezi kuinama chini tena, vijana wanapalilia, lakini huo ni umri tu, siyo? Kutembea natembea. Tunakuombea, mwanangu, nakwambia ukweli. Jina lako tunalitaja kila jioni."

"Baba, naomba ukae. Nina jambo la kukueleza."

"Nikae mimi na mgeni amesimama?"

Alimsukumia kiti pekee kilichokuwepo barazani, akakipangusa kwa kiganja, na hakukubali mpaka Selina alipokaa. Mwenyewe akavuta kigoda. Akakishukia taratibu, mkono mmoja ukutani, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kwa kuwa haukukunjika, na aliendelea kutabasamu wakati wote huo. Selina akasubiri mpaka alipotulia. Kisha akaanza kumwambia.